Nilivyotatua tatizo la "the" mbele ya nomino dhahania

Kwa miezi kadhaa, maelezo ya Kiingereza ninayowaandalia wageni wanaozuru Fort Jesus yalikuwa yakinirudia yakiwa na alama nyekundu palepale: kwenye nomino dhahania, yaani majina ya mambo yasiyoshikika kama "history". Niliandika "The history teaches us", "the" ikafutwa. Nilipoiacha nikaandika "History of Mombasa is long", ikarudishwa. Kukariri orodha hakukunifaa, na kukisia kwa sikio kulizidisha makosa.

Kilichonitoa matatani ni kutazama maneno yaliyoizunguka nomino badala ya nomino yenyewe. Likifuata neno "of" linaloifunga kwa kitu mahususi, kwa kawaida "the" huhitajika: "the history of Mombasa". Neno la sifa likitangulia, hata likibana maana, peke yake haliiti "the": "Swahili history", "coastal history". Hapo ndipo nilipokuwa nikiteleza, maana kwetu ni "historia ya Mombasa", "historia ya Waswahili", "historia ya pwani", zote kwa "ya" ileile. Imebaki "a good knowledge of Swahili", inayotaka "a" ingawa maarifa hayahesabiki. Hiyo nimeikubali ilivyo.

Ukurasa wa juzi, unaoanzia ujenzi wa ngome mwaka 1593, umerudi bila alama hata moja.