Inchi Moja ya Akiba

Mtoto wa dada yangu ameanza kujifunza ushonaji, na juzi aliniuliza nilijuaje kwamba nimeiva kiasi cha kukata kitambaa cha mteja. Nilikawia kumjibu, kwa sababu ukweli ni kwamba sikujua, na nadhani nisingejua hadi leo lau macho ya mama mkubwa yasingeanza kuingia ukungu.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikichora tu. Nilipima sketi na magauni juu ya magazeti ya zamani, nikayakata, nikayalinganisha, kisha nikayachana na kuanza upya kwa sababu mzunguko wa nyonga haukunipendeza. Nilikuwa na kitenge changu mwenyewe, nilichokinunua Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Nilikiloweka usiku kucha ili wanga utoke na kinywee kabla ya kushonwa, nikakianika, nikakipiga pasi, halafu nikakikunja na kukirudisha sandukuni. Aliyeniuliza nilimjibu kwamba haraka haraka haina baraka, na kwa kuwa mithali hiyo ni ya kweli, hakuna aliyebishana nami.

Jioni moja mteja alileta kitenge cha ndege wakubwa, akitaka sketi ya harusi ya kesho kutwa. Mama mkubwa alikitandaza mezani, akashika chaki, akaangalia, akaiweka chini. Akaniita.

“Abee, mama.”

“Njoo ukate. Mstari siuoni.”

Nilimwomba tungoje asubuhi, kukiwa na mwanga.

“Asubuhi macho yangu yatakuwa haya haya, mwanangu, na mikono yako itakuwa hiyo hiyo.”

Nikakunja kitambaa mara mbili, nikihakikisha kwamba ndege wote wanatazama juu, kwani kitenge cha namna hiyo hakigeuzwi, na ukikosea kipande cha mbele huna mahali pa kukipata kingine. Nyonga za mteja zilikuwa inchi 42. Robo yake ni 10 na nusu. Nikaongeza nusu inchi ya kupumulia, nikatia alama kwenye 11. Mama mkubwa akapitisha vidole kutoka kwenye mkunjo hadi kwenye chaki, akakipima kwa mkono kile asichokiona, akasema, “Akiba iko wapi?” Katika magazeti yangu sikuwahi kuacha akiba, yaani kitambaa cha ziada kinachobaki ndani ya mshono, kwa imani kwamba aliyepima sawasawa haihitaji. Nikasogeza alama hadi 12. Nikashika mkasi, ule mzito wa chuma, na nakumbuka kwamba ncha yake iligusa ukingo wa kitambaa na kukaa pale, huku yeye akiwa amesimama karibu nami bila kusema neno, kiganja chake kikiwa kimekibana kitambaa kisiteleze. Kisha mkasi ukauma. Sauti ya pamba inayokatika juu ya meza ya mbao ni nzito kuliko ya gazeti, na baada ya inchi chache za mwanzo mkono wangu ulikuwa ukifuata mstari bila kuniuliza.

Mengine yalikwenda upesi. Kesho yake tulimvalisha mteja, kiuno kikakaa vizuri, nyonga zikabana upande mmoja. Mama mkubwa akafumua mshono, akala nusu ya ile akiba, akashona tena kwa kupapasa. Mteja alikwenda harusini.

Tangu hapo nimewaza sana juu ya inchi ile. Aliyeniagiza niiache alikuwa amekata nguo tangu kabla sijazaliwa, na bado hakuwahi kukata bila kuiacha. Nilimweleza hayo yule mtoto, ingawa siamini kwamba yanatosha, kwa kuwa mimi nilisukumwa, na sijui ningefanya nini kama nisingesukumwa. Koti la kiume, lenye bitana na kola ngumu, sijalikata hata leo, na kitambaa chake ninacho. Huenda ninangoja kwa busara, huenda ni hofu ile ile. Nimekubaliana na fundi jirani kwamba Jumamosi tutakitia chaki.