Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya harusi na kipima mwanga

Saa 11:30 alfajiri. Betri nne zimejaa, kadi zimefutwa, lenzi zimepigwa kitambaa. Kabla sijafunga begi naangalia kitu kimoja: ile namba ya kuongeza au kupunguza mwanga imerudi sifuri? Ikibaki pale ilipokuwa harusi iliyopita, picha za mwanzo zinaharibika kabla sijashtuka.

Saa 2 asubuhi, saluni Sinza. Bibi harusi bado anapakwa poda. Mama yake ananivuta pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikiliza. Harusi ya kaka yake tulitoka weusi ti, macho na meno tu. Mimi kwenye zile picha ni kama sikuwepo."

Hakuwa anatania. Nimemwahidi kwamba leo atakuwepo.

Kilichowapata nakijua. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakipimi mwanga unaomwangukia mtu; kinapima ule unaorudi kutoka kwake na kupita kwenye lenzi. Gauni jeupe hurudisha mwingi, suti nyeusi huumeza. Lakini kamera haijui gauni wala suti. Imetengenezwa ikidhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vitatoa kijivu cha kati, kama ile kadi ya kijivu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukiijaza gauni jeupe inaona mwanga umezidi, inapunguza. Gauni linakuwa kijivu na nyuso zinazama. Ukiijaza suti nyeusi inafanya kinyume. Kwa hiyo bibi harusi aliposimama mbele ya dirisha na gauni lake, nimeongeza stopu 1 nzima, yaani mwanga mara mbili ya ule kamera ilioutaka. Gauni likabaki jeupe, na ushanga wake ukaonekana punje kwa punje.

Saa 5, kanisani. Hapa ndipo ninapokuwa makini kuliko popote. Kamera ya pili iko juu, kwenye roshani ya kwaya, imesimama kwenye stendi na naipiga kwa rimoti. Ni DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani, na kipima mwanga chake kimekaa juu, karibu na tundu la kuchungulia. Jicho lako lisipokuwepo kuliziba, mwanga wa dirisha la nyuma unaingilia hapo na kukidanganya. Mwaka juzi nilipoteza viapo vya maharusi namna hiyo: picha zote giza, na kiapo hakirudiwi. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo kile kifuniko kidogo cha mpira kinachokaa kwenye mkanda wa kamera sikiachi. Kamera zisizo na kioo hazina shida hii, maana sensa inayopiga picha ndiyo hiyohiyo inayopima.

Saa 7 mchana. Jua la utosi, macho yote yana vivuli. Picha za ukoo tumepigia chini ya mwarobaini, basi.

Saa 10:30, Coco Beach. Ufukwe ule unatazama mashariki, kwa hiyo jioni jua liko upande wa barabara na bahari inang'aa nyuma ya watu. Upimaji wa fremu nzima, ule unaoigawa picha vipande vingi na ulioanza na kamera ya Nikon FA mwaka 1983 kwa vipande 5 tu, ni mwerevu, lakini bahari ikijaa fremu huwa siuamini. Nimehamia upimaji wa nukta, unaosoma kiduara cha asilimia chache tu za picha, nikakilenga shavuni kwa bwana harusi. Ni kijana mweusi sana, mweusi wa kupendeza. Na wengi wanakosea hapa: wakishapima usoni wanadhani wamemaliza. Kipima hicho kitataka kuugeuza na uso wake kuwa kijivu cha kati, kimpaukishe. Nimepunguza kama theluthi mbili za stopu. Akatoka na rangi yake mwenyewe, ile aliyozaliwa nayo.

Rangi ya mtu si kosa la kusahihishwa. Hilo nawaambia vijana wote wanaokuja kujifunza kwangu.

Saa 2 usiku, ukumbini. Taa za zambarau, MC anaita ukoo kwa ukoo. Flashi naielekeza darini. Inatoa mmweko mdogo wa kupima, kamera inasoma kilichorudi, kisha unakuja mmweko wenyewe. Kwa macho yetu ni mmoja. Wajomba waliovaa suti nyeusi wamejipanga mstari, nimepunguza kidogo nyuso zisiungue.

Saa 4 usiku mama amekuja na kitenge chake cha bluu, amechoka, viatu mkononi. Nimemfungulia picha ya kanisani, ile anayomshika binti yake shavu. Nimeivuta karibu hadi usoni kwake. Mikunjo ya pembeni mwa macho inaonekana, na chozi moja ambalo hata mimi sikuliona wakati napiga.

Ameitazama muda mrefu. "Hebu rudisha ile nyingine," akasema, akavuta kiti.