Stripu ikisema "hakuna", usiandike "hajatumia"

Asubuhi ya Juni hapa Mbeya, mkojo wa kupimwa dawa za kulevya kwa stripu hupoa haraka kuliko mtu anavyodhani. Mkojo uliotoka sasa hivi unatakiwa usome nyuzi 32 hadi 38, upimwe ndani ya dakika 4. Bandika kipimajoto kwenye kikopo kabla mhusika hajaingia chooni. Ukichelewa, hutajua kama ni wake au ni wa kubeba.

Stripu nazo hazipendi baridi. Ziache zifikie joto la chumba zikiwa bado kwenye pakiti. Ukichana pakiti ya baridi, unyevu wa hewa unatua juu ya stripu na mkojo unapanda vibaya.

Kwenye kusoma ndiko kosa kubwa linakotokea, kwa kuwa watu wamezoea kipimo cha mimba. Huku ni kinyume. Dawa iliyomo kwenye mkojo hugombania nafasi kwenye antibodi za stripu, na ikishinda, mstari wa T (wa kipimo) hautokei. Kwa hiyo mstari wa T, hata ukiwa umefifia kama penseli iliyofutwa, maana yake ni hasi, yaani dawa haikuonekana. Mstari wa C (wa kuhakiki stripu yenyewe) usipotokea, tupa, anza upya.

Na hasi hiyo ina mipaka. Stripu ya bangi hutafuta mabaki ya THC, yaani kilevi cha bangi, kwa kawaida kuanzia nanogramu 50 kwa mililita. Bangi za maabara kama JWH-018, iliyokutwa Ujerumani mwaka 2008 kwenye majani yaliyouzwa kwa jina la Spice, zina umbo jingine kabisa, stripu haizitambui. Stripu ya morfini nayo haioni fentanili wala nitazini, ambazo ni afyuni za maabara. Andika: "haikuonekana kwa kipimo hiki."

Ukishuku dawa mpya, sampuli iende kwenye mashine ya kromatografia yenye spektrometa ya masi, inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake. Hata huko, anayetafuta JWH-018 yenyewe kwenye mkojo huenda asipate kitu, maana mwili umeshaivunja na kuyafunga mabaki yake kwa glukuronidi, kipande cha aina ya sukari. Lazima kimeng'enya kiyafungue kwanza, na maabara iwe na sampuli rejea ya mabaki hayo hayo.

Kutoka Njombe au Iringa kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya kanda iliyoko Mbeya, sampuli isafiri kwenye boksi la barafu, imefungwa lakiri. Kathinoni, vichangamshi vya jamii ya kilevi cha mirungi, hasa huharibika upesi mkojo ukiwa na alkali na ukikaa kwenye joto. Kama kuna mabaki ya unga au majani aliyokutwa nayo mhusika, yapeleke pia, kwenye mfuko wake tofauti: hayo ndiyo yanayoipa maabara jina la dawa ya kutafuta kwenye mkojo.