Kopo langu la pili la poda ya kabla ya mazoezi

Kopo la kwanza la poda hii, ile ya kuchanganya na maji na kunywa kabla ya mazoezi ili kupata nguvu, sikulimaliza. Lilikuwa jeusi, lenye maandishi ya rangi ya moto, na nyuma yake kulikuwa na orodha ya vitu kumi na kimoja chini ya maneno "mchanganyiko maalumu, gramu 7". Gramu saba za nini, na kila kimoja kipo kiasi gani, halikusema. Kipimo pekee kilichotajwa wazi kilikuwa cha kafeini: miligramu 300 kwa kijiko cha gramu 11. Nililinunua kwa sababu nilikuwa nimechoka kufika jimu nikiwa sina akili.

Nasema akili, si mwili. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima nikipatanisha mahesabu ya watu wengine. Jioni miguu inakuwa mizima kabisa, ila kichwa kimekwisha. Nilikuwa naweka chuma mabegani, nashuka, napanda, halafu nasahau kama hiyo ilikuwa seti ya pili au ya tatu. Kwenye skwati huo ni mchezo wa hatari. Siku moja niliongeza sahani upande mmoja tu wa chuma na nikaanza kukitoa kwenye mhimili. Jirani yangu ndiye aliyeniwahi. Kwa hiyo nilichokitafuta ndani ya kopo kilikuwa umakini.

Siku ya kwanza, kama robo saa baada ya kunywa, masikio yakaanza kuwaka. Kisha midomo, kisha migongo ya viganja, kama sisimizi wanapita chini ya ngozi. Nikajiambia imeshika. Nikanyanyua vizuri jioni ile, nikarudi nyumbani nimefurahi, nikala, nikaoga, nikapanda kitandani saa tano. Saa tisa usiku nilikuwa bado nasikia moyo wangu unagonga kwenye mto wa kulalia.

Nikadhani mwili utazoea. Wiki ya pili nilikuwa nakunywa poda ili kuondoa uchovu ulioletwa na usiku ambao poda yenyewe imeniharibia, na sikuuona mzunguko huo hata kidogo. Aliyeuona ni wifi yangu, ambaye ni mfamasia. Alikuja kututembelea akalikuta kopo juu ya meza ya jikoni.

"Wifi, hii unakunywa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu, nikitoka kazini."

"Nipimie kama unavyopima siku zote."

Nikachota. Kijiko changu kilikuwa na kilima juu, kama mtu anavyochota sukari. Akaimwaga poda kwenye mizani ya jikoni: gramu 14. Akachukua kisu, akachota tena na kusawazisha juu ya kijiko: gramu 11 na kidogo. Kumbe siku zote hizo nilikuwa nameza karibu miligramu 380 za kafeini kwa mkupuo mmoja, na hapo chai zangu mbili za mchana hazijahesabiwa. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula, EFSA, ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya hapati shida akitumia hadi miligramu 200 kwa wakati mmoja na hadi 400 kwa siku nzima. Mjamzito, 200 kwa siku. Kijiko kimoja cha kopo langu, hata kikisawazishwa, kilikuwa tayari kimevuka kile kiwango cha mara moja.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: kama natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Ndiyo, natumia. Akaniambia vidonge vya homoni hupunguza kasi ya ini kuivunja kafeini, na muda wake wa kukaa mwilini huweza kukaribia mara mbili. Kwa kawaida nusu ya kafeini huondoka kwa kama saa tano, ingawa watu hutofautiana sana. Mimi labda nahitaji saa kumi. Piga hesabu: ninywe 380 saa kumi na moja na nusu jioni, saa tisa na nusu usiku bado nina 190 zinazozunguka kwenye damu. Ni sawa na kumwamsha mtu usiku wa manane umnyweshe kahawa mbili halafu umwambie alale. Hakuna kopo hata moja nililowahi kulishika lililoandika habari hii, na inanisikitisha, kwa sababu wanawake wanaotumia vidonge na kwenda jimu ni wengi mno.

Tukalifungua lile swali la sisimizi. Huo mwasho ni wa beta-alanini, kimojawapo cha vile vitu kumi na kimoja. Hauna madhara kwenye ngozi, unapita ndani ya saa moja hivi. Lakini mwasho haukuambii lolote kuhusu nguvu za siku hiyo. Beta-alanini hufanya kazi kwa kuongeza kemikali iitwayo kanosini ndani ya misuli, na kanosini hupunguza makali ya ile asidi inayojikusanya ukijitahidi mfululizo kwa dakika moja hadi nne. Kujenga akiba hiyo huchukua wiki nne au zaidi za kutumia gramu 3 hadi 6 kila siku, hata siku usiyofanya mazoezi. Beta-alanini ya leo haikusaidii leo. Kinachokusaidia leo ni kafeini, kwa sababu huingia mahali pa adenosini, ile kemikali inayojaa ubongoni kadiri mtu anavyokaa macho na kumletea usingizi. Kafeini hukalia kiti chake bila kufanya kazi yake, na ubongo unakosa kupata habari kwamba umechoka. Uchovu wenyewe unabaki pale pale ukingoja kiti kiwe wazi.

Sikutaka kuamini moja kwa moja. Ule mwasho nilikuwa nimeupenda. Wifi akanitengenezea jaribio: chupa tisa za kutumia asubuhi tisa ndani ya mwezi mmoja, zote zimetiwa ndimu nyingi ili uchungu wa kafeini ufichike. Tatu zilikuwa na kafeini miligramu 190 peke yake, tatu beta-alanini peke yake, tatu zote mbili. Nikiwashwa, bado nisingejua kama kafeini imo au haimo. Kabla ya kunyanyua niliandika kwenye daftari alama, kati ya moja na kumi, ya jinsi ninavyojisikia kuwa na nguvu. Kisha nikaandika marudio ya seti ya mwisho ya skwati ya kilo 60.

Siku zote sita za mwasho nilijipa nane au tisa. Siku za kafeini tupu nilijipa sita, mara moja tano. Marudio yakasema mengine: siku za kafeini, iwe na mwasho au bila mwasho, nilifika saba au nane. Siku za beta-alanini peke yake nilikwama kwenye tano na sita, nikiwa nimejiandikia alama tisa pembeni. Ule ukurasa ninao mpaka leo. Siku tisa za mtu mmoja si utafiti, wifi alinikumbusha hilo mara mbili, lakini kwangu zilitosha kubadilisha namna ninavyolisoma kopo.

Sasa nikishika kopo naanza nyuma. Nikikuta mchanganyiko uliofichwa vipimo, narudisha rafuni, sisomi zaidi. Nataka kila kitu na kiasi chake. Kafeini kwanza: kiwango ambacho watafiti wa michezo wamekiona kikisaidia ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili, na mimi nina kilo 62, kwa hiyo 186 inanitosha na sina haja ya kupanda juu. Kopo lililojaa 350 kwa kijiko halinifai hata kama ni zuri. Sitrulini malati nakubali ikiwa gramu 6 na kuendelea. Mwili huitumia kutengeneza nitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu, ile iliyowapa wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Ushahidi wake kwenye kunyanyua vyuma unayumba, kwa hiyo siilipii pesa nyingi. Kreatini, kirutubisho cha kuipa misuli nguvu, ni kitu ninachokiamini sana, ila haihusiani na saa ya mazoezi. Gramu 3 hadi 5 kila siku, wakati wowote, na ninanunua yake peke yake.

Kuna pia theanini, inayopatikana kwenye majani ya chai. Ikiunganishwa na kafeini, baadhi ya tafiti zimeona watu wakishikilia umakini vizuri zaidi. Kwangu imefanya kazi kwenye viganja: sitetemeki nikishika chuma. Natumia miligramu 200.

Jambo jingine ninaloliangalia ni alama ya upimaji wa nje, yaani unaofanywa na watu wasio watengenezaji, kama Informed Sport au NSF Certified for Sport. Mimi sishindani popote, na kafeini yenyewe iliondolewa kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni mwaka 2004. Lakini poda hizi zimewahi kukutwa na vitu visivyostahili kuwemo. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu waziwazi kuhusu DMAA, kichangamsho kilichokuwa ndani ya poda za namna hii, kinachobana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye presha au tatizo la moyo asikae na kopo hata lile safi kabla hajaongea na daktari wake.

Na vijana wanaomimina poda kavu mdomoni na kuishushia na funda la maji: nawaomba muache. Poda ikipotea njia ikaingia kwenye koo la hewa, mtu anaziba pumzi palepale, na hata ikienda vizuri, kafeini yote inafika kwa wakati mmoja. Nilimwona mmoja akikohoa mpaka akapiga magoti, uso umebadilika rangi, na sitaki kuona tena. Changanya na maji nusu lita, unywe taratibu.

Kopo langu la sasa ni jeupe, lina vitu sita, kila kimoja na kipimo chake. Nalitikisa likiwa limefungwa kabla ya kuchota, maana vumbi jepesi na chembe nzito hujitenga zikikaa. Napima kwa mizani. Nimehamisha siku mbili za mazoezi magumu kwenda alfajiri, nakunywa saa kumi na moja na kuanza saa kumi na mbili kasoro. Siku za jioni zilizobaki naenda na maji tu, na kichwa kikikataa napunguza uzito wa chuma badala ya kuongeza kafeini.

Limebaki robo. Likiisha nataka kukaa wiki mbili bila kafeini kabisa nione seti ya mwisho itakuwaje. Mara ya mwisho nilikata ghafla, na kesho yake kichwa kikaniuma kuanzia nyuma ya macho mpaka shingoni kwa siku tatu. Safari hii nitashuka pole pole: 186, kisha 120, kisha 60. Daftari lipo, na wifi ameshaniambia anataka kuliona.