Mafunzo ya kazi mpya kwa Zoom, ukiwa Dar
Kinachowaangusha wengi si ugumu wa kazi. Mkufunzi anaonyesha skrini yake, anabonyeza haraka haraka, wewe unaitikia “sawa”, kesho mfumo unakugomea. Mwombe mgeuze: skrini iwe yako, ubonyeze mwenyewe, yeye aelekeze kwa mdomo. Hapo ndipo inagundulika kama akaunti yako imepewa ruhusa zote. Mara nyingi bado, na hilo pekee linaweza kula siku nzima.

Ukikwama dakika 20, uliza, na utume picha ya skrini yenye ujumbe wote wa kosa, usiukate.

Bando: video ya kundi inaweza kupita MB 800 kwa saa. Zima kamera yako na video za wenzako. Umeme ukikatika, ruta inazima, hivyo simu iwe na chaji na hotspoti tayari.