Dole gumba lenye wino

Leo asubuhi, kijijini nje ya Bagamoyo, bibi mmoja kanyoosha dole lenye wino kwenye fomu ya kukubali kujiunga na utafiti wa afya, kisha kalirudisha. "Mililita kumi ni damu kiasi gani, mjukuu wangu?"

Vijiko viwili vya chai, bibi.

Ridhaa nyingi huharibikia hapo: fomu imesomwa yote, namba hazijaeleweka.

Kabla ya kuweka dole, uliza na damu itachukuliwa mara ngapi. Uliza kama sampuli itahifadhiwa au kusafirishwa nje. Mara nyingi pana kisanduku cha ndiyo au hapana, na watu wanakiruka.

Asiyejua kusoma awe na shahidi asiye mtu wa utafiti. Nakala moja ya fomu ni yako, ondoka nayo. Iwe na simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Jaribio la dawa au chanjo hapa Tanzania? Ulizia kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kujitoa ni siku yoyote, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea.

Bibi aliuliza mpaka jua likapinda, ndipo akaweka dole. Bado naiona ile alama ya zambarau, imekolea katikati, pembeni imefifia.

Mliowahi kujiunga na utafiti, mliuliza nini kwanza?