Siku bibi alipoiombea kaunta buku yangu

Tuliokuwa form four mwaka 2013 tunaukumbuka vizuri sana ule mwaka. Februari yalitoka matokeo ya waliotutangulia na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata ziro, yani ziro kabisa, mpaka waziri mkuu Pinda akaunda tume ya kuchunguza na mwezi wa tano serikali ikayafuta yakapangwa upya. Mmoja wa waliopata ziro alikuwa dada yangu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mbagala na huyo dada nilikuwa namuona kwa macho yangu anasoma usiku miguu iko kwenye beseni la maji ya baridi ili asisinzie, so aliporudi kutoka kuangalia matokeo akajilaza kwenye mkeka akageukia ukutani bila kuongea na mtu, na mimi hamu yote ya shule ikaniishia palepale. Kama aliyekesha kapata ziro mimi je?

Shule niliendelea kwenda ila kusoma hapana. Naamka saa kumi na nusu, nagombania daladala na makonda hawataki wanafunzi, nafika nimeshachoka, mwalimu anafundisha mimi naangalia tu ubao. Na tatizo lilianza zamani maana msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, form one ghafla kila kitu Kiingereza, sasa ukipotea pale mwanzoni hakuna anayerudi kukuchukua. Hesabu mimi ziliniacha kwenye logarithimu za form two na kila topiki iliyofuata ikanikuta bado niko pale.

Mama akaona hapana, hili jambo lipelekwe kwa Mungu. Zamu ya jumuiya ilipofika kwetu, jumamosi asubuhi, akaomba niombewe. Nikapigishwa magoti katikati ya sebule, wamama na wababa wamenizunguka, na mzee mmoja akaomba kwa sauti kubwa kwamba Bwana amwondolee kijana huyu roho ya uvivu, roho ya kiburi, na makundi mabaya. Sikuwa na kundi lolote jamani. Majirani wote walisikia, nyumba za Mbagala unazijua zilivyobanana, na niliinuka pale nikiwa najiona mchafu kuliko nilivyopiga magoti. Mpaka leo naamini kuna maombi ambayo ni kumsema mtoto tu huku watu wamefumba macho, na mtoto anajua, na anaanza kudhani Mungu naye ndo anavyomuona.

Kipindi hicho bibi mzaa mama alikuwa amekuja kutoka Same kutibiwa macho. Alikuwepo pale, amekaa kwenye kona, hakusema neno. Jioni umeme umekatika, watu wako uani wanapunga upepo, akaniita.

"Mume wangu, njoo na madaftari yako."

"Bibi, si umeambiwa upumzishe macho?"

"Utanisomea wewe. Kwani nimesema nataka kuona?"

Nikaleta kaunta buku ya hesabu na tochi ya simu. Akaniambia fungua pale ulipoandika mara ya mwisho. Nikafungua. Kulikuwa na tarehe pembeni, kichwa cha habari nimekipigia mstari, mistari kama miwili hivi ya vekta, afu weupe. Bibi akaupapasa ule ukurasa. Mimi peni huwa naikandamiza sana hivyo maandishi yangu yanashikika kwa kidole, akawa anayafuata taratibu kwa kidole gumba mpaka yalipoishia, akakiacha kidole hapohapo.

"Nitajie yanayokushinda, moja moja. Mungu tusimpe mafumbo."

Nikaanza kutaja, mwanzoni kwa aibu, logarithimu, vekta, matrisi, afu nikashangaa nataja vitu ambavyo havipo kwenye silabasi, kwamba nachoka njiani, kwamba nikishika kitabu naona sura ya dada. Akasikiliza mpaka mwisho. Ndo akanikumbusha habari za Elia alivyokimbia akaenda kulala chini ya mti akaomba afe, na malaika alipokuja hakuanza na maswali, alimgusa akamwambia inuka ule, na alipokula akaachwa alale tena. Kwa kweli ile habari nilikuwa naijua tangu sunday school lakini sikuwahi kuona kwamba Mungu alimlisha kwanza.

Akaweka kiganja juu ya daftari, kingine kichwani kwangu, akaomba kwa sauti ya chini, kama anaongea na mtu aliyekaa hapo kwenye mkeka:

"Baba, huyu mjukuu wangu amechoka. Hana kiburi, amechoka. Ulisema tukipungukiwa hekima tukuombe, na wewe hukemei. Kuna kitu kinaitwa logarithimu, mimi sikijui, wewe unakijua, mfungulie. Vekta mfungulie. Mpe na hamu Baba, hata ya robo saa tu kwa siku, ianzie hapo. Na dada yake muinue, maana ndipo alipoumia huyu."

Hapo kwa dada nililia. Tangu Februari hakuna aliyewahi kugusa pale.

Tulipomaliza aliniambia nikalale na kesho nisishike kitabu, na sijui aliongea nini na mama ila kuanzia wiki ile kuchota maji jioni haikuwa tena kazi yangu peke yangu. Jumatatu nikamfuata jamaa mmoja darasani aliyekuwa anazijua hesabu, nikamwambia ukweli kwamba nataka kuanzia form two. Hakunicheka. Tukawa tunabaki baada ya kipindi cha mwisho. Robo saa ya kwanza ilikuwa ngumu kweli, zingine zikaja zenyewe. Nilipata divisheni three, hesabu D, ile D naipenda mpaka leo. Dada matokeo yalivyopangwa upya alipanda akapata four, akarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, saa hii ni mwalimu.

Bibi bado yupo Same, macho hayajapona vizuri ila anaona kiasi. Sasa hivi anamuombea binamu yetu aliyeko form three, na utaratibu wake ni uleule, lazima apewe orodha. Juzi kanipigia saa moja asubuhi.

"Mume wangu, huyu mtoto kaniandikia anashindwa moli. Ndo nini hiyo, nimuombeeje?"

Nikamwambia bibi ni ya kemia, ni namna ya kuhesabu vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Akakaa kimya kidogo akasema haya, nimeelewa, Mungu anavijua hivyo, ngoja nikaombe kabla sijasahau, akakata simu.